Daktari wa Mikia

Sogea karibu, hasa wewe uliyewahi kufungua gunia la mahindi ukakuta maganda na vumbi. Nataka kukueleza habari za jirani yangu wa Majimbo, mjini Embu, ambaye sote tulimwita Daktari. Nitakwenda polepole. Nikigusa jambo la sayansi usiogope, maana mimi ni mwalimu wa kilimo na nimezoea kurudia.

Udaktari wake ulikuwa wa panya. Hakuwatibu. Alichunguza koo zao: nani ni mtoto wa nani, nani alitoka wapi, na kwa nini ukiwaua leo wanarudi baada ya muda mfupi kana kwamba hukufanya kitu. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nimtegee sikio. Kwetu Mikinduri, huko Tigania, mama yangu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wenye stoo ya nafaka, na panya walikuwa wanaimaliza stoo hiyo. Wanachama walikuwa wameanza kunong'ona kwamba wagawane kilichobaki, kila mtu aende zake. Baba alipokufa, kikundi kile ndicho kilichomshika mama mkono. Kuvunjika kwake kungekuwa kama kumfanya mjane mara ya pili. Tutafika huko. Kwanza umjue mtu mwenyewe.

Alikuwa mrefu na mwembamba. Siku za kazi alivaa gambuti, Jumapili viatu vya visigino, na katika vyote viwili alitembea kama mtu aliyeacha maziwa motoni. Alizungumza Kiembu na mboga zake bustanini, Kiswahili na majirani, na Kiingereza akikasirika. Mimi ni mtu wa Tigania, kwa hiyo hatukukosa la kutaniana.

"Ninyi watu wa Tigania," aliniambia siku moja, "mnaweza kugombana na mvua kwa sababu imenyesha bila kuwauliza."

"Na ninyi wa Embu mnaishukuru hata ikibomoa choo."

"Adabu njema, Mwalimu. Adabu njema."

Nyumba yake ilikuwa wazi kwa wageni, lakini si kila mgeni alirudi. Sababu ilikuwa friji. Ndani yake, kando ya siagi, aliweka vichupa vidogo vya spiriti, na katika kila kichupa mlikuwa na ncha ya mkia wa panya. Siku moja walikuja akina mama wa kanisa lake, na mmoja wao, kwa wema, akainuka kuleta maziwa ya chai.

"Daktari, hivi ni vitu gani?"

"Mikia."

"Mikia ya nini?"

"Ya panya. Maziwa yako nyuma yake."

Siku hiyo mgeni yule alikunywa chai ya rangi. Nilisikia baadaye kwamba katika kundi lile zima maziwa yalikuwa yameanza kuwasumbua watu tumbo, ila tu walipokuwa nyumbani kwa Daktari.

Kwa nini mikia? Nami nilimuuliza. Akasema ncha ndogo ya mkia inatosha, maana katika kila kipande cha mwili mna alama za urithi, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Alizipeleka zile ncha Nairobi, kwenye maabara, zikasomwa. Kisha akaona nilivyokunja uso, akaenda jikoni akaleta sinia. Kwa maoni yangu hilo sinia lilikuwa chuo kikuu chake. Akamwaga juu yake maharagwe ya kila aina: mekundu, meupe, ya madoadoa, ndengu za kijani, njahi nyeusi.

"Hili ni gunia la mchanganyiko," akasema. "Chota mkono mmoja, bila kuchagua."

Nikachota. Njahi hazikuwamo, na meupe yalikuwa machache.

"Sasa panda huo mkono peke yake. Vuna, panda tena, vuna, panda tena. Utapata njahi lini?"

"Sitapata."

"Hutapata. Labda mtu akuletee nyingine kutoka kwingine."

Ndivyo alivyonieleza safari ya panya wa darini. Yule si mwenyeji wetu. Mababu zake walikuja pwani na meli, wakapanda na mizigo kwa garimoshi, kisha kwa malori, hadi wakatufikia huku mlimani. Kila mahali waliposhuka, walishuka wachache, mkono mmoja wa maharagwe. Wachache hao wakazaliana wao kwa wao, na soko lile likabaki na rangi zake. Kwa hiyo mtu aliyewahi kusoma mikia ya mji wa Timau na mikia ya Mikinduri anaweza kutofautisha panya wa huku na wa kule, kama wewe unavyoweza kumjua mtu kwa lafudhi yake.

Alipenda kusema, "Usiniambie panya ni wangapi. Niambie ni watoto wa nani." Na alikuwa na usemi mwingine ambao niliupeleka darasani kwangu mwaka hadi mwaka: "Ukimpa panya sumu nusu, umemchagulia mwenzake mzazi." Maana yake ni rahisi. Watu huchanganya sumu kidogo ili itoshe siku nyingi. Panya dhaifu wanakufa. Wachache walio na mwili wa kuistahimili wanabaki, na hao ndio wanaozaa kizazi kijacho. Ukiendelea hivyo kwa miaka, unajikuta unafuga panya ambao sumu yako kwao ni chumvi.

Usidhani kwamba nyumba yake haikuwa na panya. Mganga hajigangi. Dari yake ilikuwa barabara kuu. Tulikuwa tumekaa sebuleni mchana, wakapita juu yetu kwa kishindo, nami nikamtazama.

"Hao ni wa kwako," akasema bila kuinua kichwa. "Wamekuja kunisalimia."

Na katika miaka yote niliyokaa naye ukuta kwa ukuta, sikumwona akiua hata mmoja kwa mkono wake. Aliwatega wakiwa hai, akawakata ncha ya mkia baada ya kuwalaza kwa dawa, na ikibidi wauawe aliwaachia wasaidizi wake akaenda kusimama mbali, akijifanya anatazama mawingu. Mtu aliyetumia maisha yake kutafuta namna ya kuwamaliza! Nilimuuliza kama haoni ajabu. Akasema fundi wa majeneza naye hapendi vifo.

Tena hakupenda panya wote wawekwe kapu moja. Siku moja nilimkimbiza panya wa shamba katika maharagwe yangu na jembe juu. Daktari akaniita kutoka upande wa pili wa ua.

"Mwalimu, tazama mkia kwanza. Ni mrefu kuliko mwili?"

"Si mrefu."

"Basi mwache huyo. Huyo ni mwananchi."

"Mwananchi anakula maharagwe yangu."

"Babu yake alikuwa hapa kabla ya babu yako. Mtafute yule wa mkia mrefu, yule aliyekuja na mizigo."

Subira yake ilikuwa na mipaka ya ajabu. Angeweza kukueleza jambo moja mara nyingi bila kupandisha sauti, akibadilisha maharagwe, akibadilisha mfano, mpaka uso wako ufunguke. Lakini mikutano ilimshinda. Katika kila mkutano alikuwa ameshika mkoba kabla ya kufika kwenye mengineyo, na mara nyingi katikati ya hotuba ya mtu ungesikia gambuti zikielekea mlangoni. Ndiyo maana bado nastaajabia alivyokaa siku ile kwetu Mikinduri.

Stoo za pale sokoni zilijengwa kwa mstari chini ya paa moja refu la mabati. Kuta za katikati hazikufika juu. Kati ya ukuta na bati palikuwa na nafasi ambayo panya alipita bila hata kuinama. Stoo ya kikundi cha mama ilikuwa upande mmoja. Ya pili, ukuta kwa ukuta, ilikuwa ya Baba Mwenda, mnunuzi wa mahindi na ndengu, Msabato mwenye msimamo. Zile ndogo zilizobaki zilifuata chochote walichofanya hawa wawili. Shida ni kwamba wao wawili hawakuwahi kufanya chochote pamoja. Mama akitega mitego mwezi huu, Baba Mwenda anaweka sumu mwezi ujao. Kila mmoja alipata nafuu kidogo, kisha panya wakarudi, na kila mmoja alijua walikotoka.

"Panya zako zimehamia kwangu tena," mama alimwambia.

"Mama Nkatha, panya zangu zinalala njaa? Zije kwako kutafuta nini?"

Nkatha ni mimi. Nilimwomba Daktari anisaidie, akaja, akakata ncha za mikia pande zote mbili za ukuta, akaondoka nazo. Majibu yalichukua muda. Aliporudi, wanachama wa kikundi walikuwa wamekwisha kupanga siku ya kugawana nafaka, na mama alikuwa ameacha kula vizuri. Daktari aliweka sinia lake juu ya gunia mbele ya milango miwili. Upande wa kushoto akapanga maharagwe ya stoo ya mama: alama zilizopatikana kwa panya wa huko. Upande wa kulia, ya Baba Mwenda.

"Mnaona tofauti gani?"

Watu wakainama. Ndengu huku, ndengu kule. Madoadoa huku, madoadoa kule.

"Hakuna," akasema Baba Mwenda.

"Hakuna. Basi hakuna panya wa Mama Nkatha wala wa Baba Mwenda. Ni mwiriga mmoja."

Mwiriga ni ukoo, na kwetu Meru mtu haoi katika mwiriga wake. Baba Mwenda akafikiri.

"Mwiriga mmoja, na wanaoana?"

"Wanaoana."

"Hiyo ndiyo shida ya kukosa wazee," akasema, na hata mama akacheka.

Daktari akaendelea. Mkiua upande mmoja, alisema, mnafungua nafasi, na binamu za marehemu wanaruka ukuta kuja kurithi. Lakini soko jirani lina rangi nyingine, na rangi hizo hazikuonekana hapa. Maana yake panya hawaji hapa kutoka huko kwa miguu. Mkiwamaliza wa chini ya paa hili wote kwa wakati mmoja, hakuna ndugu wa kuja kuwarithi. Akashauri mitego badala ya sumu, kwa sababu pale ni chakula cha watu. Itegwe stoo zote, ikaguliwe kila asubuhi, na isiachwe hata siku moja mpaka ikae tupu muda mrefu.

"Kila asubuhi?" akauliza Baba Mwenda. "Jumamosi sigusi mtego. Ni Sabato."

"Na mimi Jumapili niko kanisani mpaka mchana," akasema mama.

"Na panya anasali lini?" Daktari akauliza.

Alieleza kwa upole kwamba mtego uliokwisha kufyatuka ni kipande cha mbao tu, na kwamba kila juma likiwa na siku ya mapumziko kila upande, majike watapata nafasi ya kuvuka na kuzaa. Nilitazama mkoba wake. Ulikuwa chini, naye hakuugusa.

Mama ndiye aliyesema. "Jumamosi nitaangalia mitego yako. Jumapili wewe uangalie yangu."

"Utaingiaje?"

"Kwa ufunguo."

Hapo lazima nikueleze. Sokoni kwetu mtu hamwonyeshi mwenzake stoo. Mwenzako akijua una magunia mangapi, amejua utavumilia bei mbovu mpaka lini. Kumpa mshindani ufunguo ni kumpa mfuko wako aupekue. Baba Mwenda alikuwa na ufunguo wake kiunoni, na mkono wake ulikuwa juu yake. Lakini alichosema kilikuwa kingine.

"Amri inakataza kazi siku hiyo. Si mimi peke yangu. Hata mtumishi wangu, hata mgeni aliye ndani ya malango yangu."

"Mimi si mtumishi wako," mama akasema. "Wala si mgeni. Daktari amesema ni mwiriga mmoja. Kwa hivyo hizo zilizolala kwako ni zangu pia. Nitakuwa naua panya zangu."

Baba Mwenda alimgeukia Daktari kama anayemgeukia hakimu. Daktari akasema kisayansi hana pingamizi. Yule mzee alitazama sinia kwa muda, akagusa ndengu moja kwa kidole.

"Hiyo inaweza kusimama," akasema, akafungua ufunguo kiunoni.

Daktari alikaa mpaka mkutano ukafungwa kwa maombi, jambo ambalo Majimbo hakuna aliyeniamini nilipolisimulia. Mitego ilitegwa. Jumamosi mama alivuka, Jumapili Baba Mwenda akavuka, na mitego ikaanza kukaa tupu. Siku ya kugawana nafaka ilifika, wanawake wakafungua stoo, wakakuta kuna kitu cha kuuza, wakauza kwa pamoja. Kikundi kikabaki. Hata baada ya panya kuisha, funguo hazikurudishwa. Kila mmoja aliendelea kumkagulia mwenzake siku yake ya ibada, kwa miaka.

Sasa nikupeleke mwishoni, kwa sababu panya walirudi.

Mama alikuwa amezeeka, na Baba Mwenda pia. Daktari alikuwa amestaafu, bado yupo Majimbo, magoti yakimsumbua. Mama alinipigia simu akaniambia magunia yametobolewa pande zote mbili za ukuta, na kwamba anajua kwa nini.

"Aliacha Jumapili zangu," akasema. "Amechoka, hasemi."

Nilipokwenda, Baba Mwenda aliniambia lake. "Mama yako haoni vizuri. Mtego umefyatuka yeye anaona umekaa sawa. Nimwambieje?"

Mama alikuwa amemtaka amrudishie ufunguo, naye amerudisha. Baba Mwenda naye wa kwake alikuwa ameuchukua kwa mkono wa mtoto wake, maana hawakuwa wakisalimiana. Na wanachama, wengine mabinti wa wale wa kwanza, walikuwa wameanza tena kusema juu ya kugawana. Nilikata ncha za mikia pande zote mbili kama nilivyoona ikifanywa, nikazipeleka Majimbo. Daktari alipokea vichupa, akavishika kuelekea dirishani.

"Umeandika upande?"

"Nimeandika."

"Sitasema kitu kabla sijajua," akasema, "na wewe usiseme kitu kule."

Aliyekuwa mwanafunzi wake maabara alimsomea. Daktari hakunipigia simu kunipa majibu. Alinipigia kuniambia nimpeleke Mikinduri.

Alishuka garini kwa fimbo, akakataa kiti, akaketi juu ya kreti katikati ya ile milango miwili. Baba Mwenda alisimama kwenye mlango wake na mama kwenye wake. Hakuwa na sinia safari hii.

"Wale wa zamani waliisha," akasema. "Kwenye mikia hii hamna hata mmoja wa mwiriga ule."

Mama akasogea kizingitini.

"Mmoja wenu angeacha mitego, waliobaki wangezaana, na leo ningesoma alama zile zile. Sikuzisoma. Mama Nkatha, Jumapili zako zilikaguliwa. Baba Mwenda, Jumamosi zako pia. Kila mmoja alifanya kazi ya mwenzake mpaka mwisho."

Baba Mwenda akavua kofia, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi.

"Hawa basi ni wa nani?" mama akauliza.

"Ni wa Timau. Nawajua, niliwakata mikia mababu zao kwenye maghala ya ngano. Mlileta nini kutoka Timau?"

Wakatazamana, mara ya kwanza tangu nifike. Mama ndiye aliyetaka kujibu, lakini Baba Mwenda akamtangulia.

"Ngano. Tulikodi lori moja, sisi wawili. Mvua ilikuwa inakuja, tukashusha ndani moja kwa moja."

"Jike mmoja mwenye mimba anatosha," Daktari akasema. "Alisafiri ndani ya gunia, akashuka, akakuta paa zima halina mwenyewe. Ni mkono mmoja wa maharagwe tu. Mkianza leo, ni wachache kuliko wale wa kwanza."

Mama aliingia ndani ya stoo. Nilidhani anakwenda kutazama magunia. Alitoka na ufunguo, akavuka zile hatua chache hadi mlango wa pili, akaushika mbele ya Baba Mwenda.

"Jumapili hii tuna Meza ya Bwana," akasema. "Nitachelewa."

Baba Mwenda aliupokea, akaanza kujipapasa kiunoni kutafuta wa kwake.

Daktari alikuwa ameinuka, akiegemea fimbo, akiwaelekeza vijana wabeba mizigo wa sokoni watoe magunia yote ya ngano uani. Hakuwa na haraka yoyote ya kuondoka. Alisimama juani na magoti yale mpaka gunia la mwisho likamwagwa, na ndani ya hilo la mwisho kukaonekana kiota.

Kwa hiyo fanya hivi. Gunia likija kwako kutoka mahali pengine, lisiingie stoo moja kwa moja, hata mvua ikitishia. Lisimamishe nje mbali na ukuta, lifungue, limwage juu ya turubai, ukague mpaka chini, kisha ndipo ulipeleke ndani.